Ala Mpya Usiitie Mafuta

Juzi baada ya isha nilimkuta mpwa wangu barazani, sahani ya mafuta ya nazi iko mbele yake, na ndani ya sahani amelaza ala mpya ya kisu aliyoletewa kutoka Siyu. Anaigeuza upande huu, anaigeuza upande ule, kama anayekoleza samaki viungo kabla ya kumbanika. "Mjomba, ni ngumu mno," akaniambia. "Kisu kikiingia hakitoki, kikitoka hakirudi." Niliinyakua, nikaifuta kwa kanga kuukuu iliyokuwa karibu, nikaikamua kwa vidole mpaka kitambaa kikaacha kulowa. Bahati yake mafuta yalikuwa hayajazama sana.

Naandika kwa sababu yeye si wa kwanza. Hapa Lamu vijana wengi wa mashua na madau wakinunua ala ya ngozi hukimbilia mambo matatu: mafuta, maji ya moto, au kuianika juani juu ya sitaha. Yote matatu yanaiua. Na yote yanatokana na kuamini kwamba ala ngumu ina kasoro. Mimi nasema ugumu ule ndio ulioutolea pesa.

Tuanze na jinsi kisu kinavyovaliwa na mtu wa chombo. Hakikai sandukuni, kwa sababu kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, ikimnasa mtu mguu huna muda wa kwenda kufungua sanduku. Wala hakining'inizwi nje ya nguo, kwa sababu mpini utakwama kwenye nyavu na kila kamba inayopita. Kinakaa ndani ya kiuno, ala imepita chini ya mkanda, shati limeshuka juu yake, mpini pekee ndio umechomoza pale mkono wa kulia unapofikia. Na ukishuka bandarini unapita katikati ya akina mama, watoto na wageni. Hakuna anayehitaji kuona chuma kiunoni mwako.

Sasa fikiria ala iliyo mahali hapo. Mkanda unaibana kwa nje, nyonga inaisukuma kwa ndani. Kisu kikiwa ndani hakuna shida. Ukikichomoa, kinachouweka mdomo wa ala wazi ni ugumu wa ngozi peke yake. Ngozi ikiwa laini, mdomo unafumba. Ukitaka kukirudisha, huku mkono mwingine umeshika usukani na chombo kinayumba, unaanza kuutafuta mdomo kwa ncha ya kisu, na ncha hiyo iko nusu shibiri kutoka tumboni mwako.

Haya siyasomi mahali. Ala yangu ya kwanza niliitia mafuta ya nazi siku tatu mfululizo. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu, kisu kinaingia na kutoka kama kwenye hariri. Mwezi wa pili tulikuwa tunavuka kutoka Manda kuja Shela, kusi imekaza, nimekata kamba iliyosokotana na mkono wangu wa kushoto hauna nafasi. Nikakirudisha kisu bila kutazama, kama nilivyozoea. Mdomo wa ala ulikuwa umejikunja. Ncha ilipita kando ya ngozi ikanichana juu ya nyonga, na kovu ninalo hadi leo. Mwezi huohuo nikainama kuvuta nanga, kisu kikachomoka chenyewe, kikazama. Kilikuwa cha marehemu babu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya jeraha.

Nilikwenda Siyu kutafuta ala nyingine. Siyu, kwa asiyeijua, iko kisiwani Pate, na tangu zamani inasifika kwa mafundi: wahunzi, wanakili wa misahafu, na washonaji wa ngozi. Makubadhi ya huko yalivaliwa pwani nzima. Fundi mmoja mzee aliichukua ile ala yangu iliyolegea, akaikunja kwa vidole viwili kama kitambaa, akanirudishia bila neno. Kisha akanipa mpya, ngumu kama ubao. Nilipomuuliza niilainishe vipi akasema, "Iwate, mwanangu." Iache. Halafu akanieleza namna ya kuiacha, maana kuiacha nako kuna kazi yake.

Kazi yenyewe ni hii. Kisu kikiwa safi na kikavu, kifunge kwa plastiki nyembamba, mizunguko miwili, toka ncha hadi nusu ya mpini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo mimi hutumia karatasi ya nailoni ya mkate, ile iliyokuja na mkate wenyewe. Inatosha kabisa. Unene wa ile nailoni ndio nafasi ndogo unayoitaka kati ya chuma na ngozi, si zaidi. Kisha sukuma kisu taratibu, ukikilalia upande wa mgongo, usikilalie upande wa makali. Ukitazama ala nzuri kwenye mshono utaona ukanda mwembamba wa ngozi ulioshonewa katikati ya kuta mbili. Huo ndio unaokinga nyuzi zisikatwe. Ukisukuma kwa pupa huku unakizungusha kisu, makali yanaula ukanda, na ukishaliwa mshono haukai mwaka. Kikifika mwisho, kiache humo usiku kucha. Asubuhi kitoe, ondoa nailoni, kichomoe na kukirudisha mara ishirini au thelathini, polepole, umeketi. Usiku funga tena.

Nimesikia kwamba huko Marekani wanaobeba bastola kiunoni kwa kibali hufanya vivyo hivyo na ala zao mpya: bastola haina risasi, imefungwa plastiki, inalala ndani ya ngozi. Sikushangaa. Ngozi ni ngozi, na kiuno ni kiuno.

Kwa ala nyingi siku tatu au nne zinatosha. Ikiwa bado inabana mno, hapo ndipo maji yanaingia, na hata hapo ni maji kidogo, ya uvuguvugu usiozidi ule wa maji ya kunawia mtoto. Yawe maji ya kunywa, si ya bahari wala ya kisima chenye magadi. Sisi mjini tuna neema ya visima vya Shela, vilivyochujwa na vilima vya mchanga. Lowesha kitambaa, paka mdomo na sehemu inayobana tu, mpaka ngozi ibadilike rangi. Ingiza kisu kilichofungwa nailoni, kisha chukua mgongo wa kijiko cha mti uusugue juu ya ngozi, ukifuata umbo la mpini, ukibonyeza pale kisu kinapopanuka. Utaona umbo linajichora lenyewe, kama mtu anavyoonekana chini ya shuka. Toa kisu, ukaushe vizuri, na ala uiweke dakani, penye kivuli na upepo, siku moja hadi mbili. Usiilete juani hata kama una safari kesho.

Kwa nini maji yafae na mafuta yadhuru? Ngozi ya ala hutengenezwa kwa tanini za magome, ile dawa ya miti inayofanya ngozi mbichi isioze, na sisi watu wa Lamu tunayajua magome. Mkoko una tanini tele, na kuna wakati magome yake yalipakiwa kwenye majahazi pamoja na boriti kupelekwa ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Ngozi ya namna hiyo ikilowa, nyuzi zake ndogo husogea. Ikikauka, hubaki pale ulipoziweka. Ndiyo maana inashika umbo la kisu chako na si cha mwingine. Mafuta hujipenyeza katikati ya zile nyuzi yakazifanya ziteleze, na kitu kinachoteleza hakishiki umbo. Moto nao ni balaa la aina nyingine: ngozi iliyolowa ikipata joto kali, nyuzi hujikunyata, ala inafupika na kupindika na kuwa kavu kama ganda la nazi. Haifunguki tena.

Kuna ngozi ya pili, ile inayotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu. Ni laini toka dukani, nzuri kwa mkoba na kwa koti, na kwa ala ni hasara. Niliwahi kununua moja Mombasa, kwenye duka nisilotaka kulitaja, muuzaji ananiapia kwamba ni ngozi safi. Ilikuwa ngozi kweli. Baada ya wiki chache kisu kilikuwa na madoa ya kutu pale kilipogusana nayo. Ukitaka kuitambua, tazama ukingo uliokatwa: ngozi ya magome ni kahawia mpaka ndani, ya kromu mara nyingi katikati ina ukijivujivu wa samawati. Au dondosha tone la maji. Kwenye ngozi ya magome litanywewa na kuacha doa jeusi, kwenye ya kromu litakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba.

Mafuta nimeyakataa, lakini nta siikatai. Nta ya nyuki, ile inayoletwa na Waboni kutoka bara pamoja na asali, ukipaka kiasi cha punje ya mtama upande wa nje, ukasugua kwa kiganja mpaka ing'ae, inazuia chumvi ya bahari isiingie. Upande wa nje tu. Ndani pasiguswe.

Na kiuno nacho kina mafunzo yake. Ala mpya itakuchoma nyonga siku za mwanzo, hilo halina dawa. Ivae nyumbani saa moja, mbili, ukiwa umekaa, ukiwa unapanda ngazi, ukiwa unainama kufunga viatu. Ngozi inapata joto lako na jasho lako, inaanza kujipinda kufuata mfupa. Anayetoka nayo dukani moja kwa moja kwenda kulala siku mbili baharini ndiye anayerudi akiilaani. Makubadhi mapya tunayavumilia, yanatula vidole wiki nzima na hakuna anayeyachovya kwenye mafuta. Ala tunaikosea nini?

Jambo la mwisho, kwa sababu msimu wa mvua haupo mbali: kisu kisilale ndani ya ala ukiwa nchi kavu. Ngozi hunywa unyevu na chumvi, kisha ikakishika kile chuma usiku kucha. Kile cha kulaza kwa nailoni ni kwa siku za mwanzo tu. Baada ya hapo kisu kifutwe kikae peke yake, na ala itundikwe penye hewa. Wakati wa masika nimeona ala zenye ukungu mweupe kwa ndani, na wenyewe hawajui kwa sababu hawajawahi kuchungulia.

Ala ya mpwa wangu imelala usiku wa pili sasa, imekunywa mafuta kidogo upande mmoja na huo upande utabaki mlegevu kuliko wenzake, lakini nadhani itasimama. Jana usiku aliamka mara mbili kwenda kuibonyeza. Leo asubuhi kisu kilitoka kwa mkono mmoja, kikarudi kwa mkono mmoja, na mwisho wa kuingia kikatoa mlio mdogo, kop, mpini ukiketi kwenye mdomo. Alinitazama. Nikamwambia arudie mara ishirini na tisa zilizobaki.