Umbo la kiini lina usemi gani katika uozo wa beta?

Juma lililopita hapa Kisumu, nikifundisha uozo wa beta, ambamo nyutroni ndani ya kiini cha atomu hugeuka protoni au protoni hugeuka nyutroni, mwanafunzi mmoja anayecheza raga aliutazama mduara wa kiini niliouchora ubaoni akauliza: "Mwalimu, kiini kikiwa na umbo la mpira wetu, kitaoza upesi zaidi?"

Wanaosema kasi huamuliwa na nishati, si umbo, wana hoja nzito. Kasi ya uozo huu hupanda takriban kwa kipeo cha tano cha nishati inayotolewa: nishati ikiongezeka maradufu, kasi huongezeka kama mara 32. Mbele ya nguvu hiyo, kurefuka au kubonyea kwa kiini huonekana jambo dogo, na kwa viini vingi ndivyo lilivyo.

Lakini tazama kiini cha lutetiamu-176. Spini yake, yaani kipimo cha mzunguko wake, ni 7, nacho huoza kuwa hafniamu-176 yenye spini 6. Kwa tofauti ya moja tu, ungetarajia uozo wa haraka, ila nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya viini kuoza, ni kama miaka bilioni 37, zaidi ya mara mbili ya umri wa ulimwengu. Kizuizi ni umbo. Viini vyote viwili vimerefuka, kwa hiyo vina mhimili. Katika lutetiamu spini imeufuata mhimili huo, kama mpira wa raga unaozunguka katika pasi nzuri. Katika hafniamu kiini hupinduka ncha kwa ncha, kama mpira unaobiringika nyasini. Kuvuka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ni kugumu mno, na kiini cha duara hakina kizuizi hicho kabisa.

Kwangu mimi, kosa ni kulitafuta umbo katika nusumaisha pekee. Strontiamu-76 huisha nusu kwa sekunde kama 8, na namba hiyo haisemi mengi. Huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, wanafizikia waliinasa mionzi yake ya gama kwa fuwele kubwa ya sodiamu iodidi, wakapima jinsi uozo unavyogawanyika kati ya ngazi za nishati za rubidiamu-76, kiini kinachotokana na uozo huo; matokeo ya mwaka 2004 yalilingana na hesabu za kiini kilichorefuka, si kilichobonyea. Hata hivyo, ushahidi huo hutegemea ubora wa hesabu zenyewe, na kwa kriptoni-74, ambamo maumbo mawili huchanganyika, jibu halikutoka wazi hivyo.