Mstari wa Maginot haukushindwa, acheni kejeli

Kuna klipu inazunguka WhatsApp wiki hii, jamaa mwenye sauti nzito anasimulia "ukuta wa kijinga kuliko zote duniani", eti Wafaransa walimwaga mabilioni kujenga mstari wa Maginot, ile safu ya maboma mpakani na Ujerumani, halafu Wajerumani wakazunguka tu pembeni, hahaha, kwisha habari. Chini yake emoji za kucheka mpaka basi, na mtu ambaye nilikuwa namheshimu kaandika "wazungu nao wana vituko". Imeniudhi kuliko inavyostahili, najua, lakini ngoja niseme.

Kuzungukwa ndiyo ilikuwa plani yenyewe jamani! Ufaransa ilitoka vita ya kwanza ya dunia imezika vijana kama milioni 1.4, yenyewe ina watu milioni 40 hivi na jirani Mjerumani anapita milioni 60, halafu watoto ambao hawakuzaliwa kati ya 1915 na 1919 kwa sababu baba zao walikuwa kwenye mahandaki ndio hao hao waliotakiwa wawe askari mwishoni mwa miaka ya 30. Hawapo. Kwa hiyo Januari 1930 bunge likapitisha hela, waziri wa vita akiwa André Maginot, mtu aliyejeruhiwa mguu karibu na mji wa Verdun akiwa sajenti, sio mwanasiasa wa kuhadithiwa vita. Hesabu ilikuwa hivi: zege na mizinga vilinde mpaka wa Ujerumani na watu wachache, adui alazimike kupitia Ubelgiji, na jeshi lote zuri likamsubiri huko.

Na kweli alipitia Ubelgiji! Sema tu hakupita pale walipomtarajia, alipita msitu wa Ardennes akatokea mji wa Sedan, Ufaransa, Mei 1940, ambako makao makuu yalikuwa yameweka askari wa akiba wenye mafunzo ya kubabaisha kwa sababu waliamini vifaru havitapenya haraka vile, wakati jeshi la saba, moja ya majeshi yao bora, Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, kalituma mbio mpaka Uholanzi. Yaani beki wa kushoto hajapitwa dakika 90, magoli yote yameingia kulia ambako kocha kapanga watoto wa akademi, mechi imeisha mnamzomea beki wa kushoto.

Kwenye yale maboma makubwa ya mstari wenyewe, Wajerumani hawakuchukua hata moja kwa nguvu. Vidogo vichache ndivyo vilianguka, kama kale ka La Ferté, mwishoni kabisa mwa mstari, ambako askari wote 107 walifia ndani, Mungu awapumzishe. Kwingine kwingi watu walikaa mpaka baada ya mkataba wa kusitisha vita, ikabidi maafisa wa Kifaransa wapelekwe kuwaambia tokeni. Na upande wa Alps, Waitaliano walipojaribu bahati yao Juni, kituo kimoja pale Pont Saint-Louis karibu na Menton, askari hata 10 hawafiki, kiliwafungia barabara mpaka mwisho.

Lakini kinachonichemsha zaidi ni kwamba hii kejeli ya "ukuta hauna maana" ilishawahi kuua watu. Agosti 1914 mizinga ya Kijerumani ya milimita 420 ilisambaratisha maboma ya Liège, Ubelgiji, boma la Loncin likalipuka tarehe 15 na mamia ya watu ndani. Majenerali wa Kifaransa wakaona basi, maboma yamepitwa na wakati, 1915 wakaanza kung'oa mizinga na kupunguza askari kwenye maboma ya Verdun. Hakuna aliyejiuliza kwamba zege la Liège halikuwa na nondo! La Douaumont, huko Verdun, lilikuwa nazo, makombora yale yale yalilipiga na halikutoboka. Ila ndani waliacha wazee wachache wa akiba, na tarehe 25 Februari 1916 kikundi kidogo cha Wajerumani kikaingia bila kupigwa risasi moja, boma kubwa kuliko yote ya Verdun. Kulirudisha ilichukua mpaka tarehe 24 Oktoba, na waliokufa njiani ni maelfu kwa maelfu. Hapo nani kituko?

Haya, nakubali, boma la Eben-Emael la Wabelgiji liliaibika. Mei 1940 Wajerumani wasiofika 100 walitua juu ya paa na ndege zisizo na injini, wakapachika mabomu ya kutoboa chuma, kesho yake boma limesalimu amri. Na ndiyo, ngome zinakula hela: mji wa Siena, Italia, ulijifilisi kwa kuta za mtindo mpya ukakosa pesa ya jeshi, 1555 ukatekwa. Sawa. Lakini sisi wa Mombasa tunaijua Fort Jesus, kazi ya Mtaliano Cairati, jinsi ilivyokaa karibu miaka mitatu ikizingirwa na Waomani, 1696 mpaka 1698, na kilichowamaliza wa ndani zaidi ni maradhi.

Kama mnataka kucheka kweli mcheke Gamelin. Aliendesha vita ya 1940, ya vifaru na ndege, akiwa amekaa Vincennes, kwenye kasri la wafalme wa enzi za kati, na makao yake hayakuwa na redio.