Hitaji lililoandikwa vizuri, lisilo na sababu

Mchambuzi wa biashara akirudisha hati ya mahitaji, yaani orodha ya yale mfumo unayotakiwa kufanya, mara ya tatu, watengeneza programu huguna: anatuchelewesha kwa maneno. Siwalaumu sana. Lakini tazama sentensi hii: "Mfumo umjulishe mteja mapema malipo yakikwama." Kwa mhasibu, mapema ni kabla ofisi haijafungwa. Kwa mtengeneza programu, ndani ya dakika moja. Kwa mteja aliyesimama kaunta, ni sasa hivi. Kikaoni wote waliitikia kwa kichwa.

Wanaopinga ukaguzi mrefu wa hati kama hiyo wana mfano mzito: M-Pesa. Majaribio ya 2005 yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaitumia kutumiana pesa, na huduma iliyozinduliwa Kenya Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Hati isingebashiri hayo. Kweli, ila majaribio yale nayo yalikuwa ukaguzi: kuna aliyeuliza watu wanafanya nini hasa.

Mimi hurudi kwenye Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyoruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996. Ndani yake mlikuwa na programu ya kusawazisha vipimo vya mwelekeo, yenye maana roketi ikiwa bado chini. Hitaji la Ariane 4, roketi iliyoitangulia, liliitaka iendelee sekunde kama 40 angani, ili hesabu ya kuruka ikisitishwa dakika za mwisho isilazimu kuanza upya. Ariane 5 haikuhitaji hilo. Hitaji likarithiwa hivyo hivyo. Roketi mpya ilikwenda kasi zaidi, kipimo kimojawapo kikazidi 32,767, kikomo cha nafasi kilichotengewa. Kifaa cha akiba cha kupima mwelekeo, chenye programu ile ile, kikazima; kikuu kikafuata. Sekunde kama 37 tangu injini kuu iwashwe! Roketi ikaangamia na setilaiti 4 za utafiti.

Hitaji lile lilisomeka vizuri, lilipimika, na lilikwishafanya kazi. Lilikosa sababu yake kuandikwa kando. Zaidi ya hapo, iliafikiwa kwamba takwimu za njia ya Ariane 5 zisiingizwe katika mahitaji ya kifaa hicho.

Mchambuzi anayeweka tiki tu kwenye orodha ya ubora (wapo, tena wengi) angelipitisha bila wasiwasi. Huyo wakimgunia, sina la kumtetea.