Msomi wa Makopo

Katika Kiswahili chetu, mtu akisema kwamba fulani ameanza kuokota makopo, hana haja ya kuongeza neno la pili. Msikilizaji hutikisa kichwa na kuuliza akili zilimruka lini. Msemo huo niliujua tangu utoto wangu Mikindani, mji wa pwani ya kusini mwa Tanzania, tena nikiutumia bila huruma dhidi ya wenzangu, mpaka nilipokwenda kusoma Ujerumani na kukaa miaka minne Berlin, mji ambao makopo ni fedha.

Tangu mwaka 2003, anayenunua kinywaji cha kopo nchini Ujerumani hulipa na amana juu yake, na siku hizi amana hiyo ni senti 25 za yuro kwa kopo, na kwa chupa nyingi za plastiki vilevile. Ukirudisha kopo tupu dukani, unaliingiza katika tundu la mashine, mashine inasoma alama zake, inalimeza, kisha inakupa karatasi ya kupeleka kwa mpokea fedha. Lililobonyea likashindwa kusomeka hutemwa, kwa hiyo nilijifunza kuzinyoosha chupa kwa upole kama mkunga. Mwezi wa kwanza niliona haya kuziokota bustanini. Mwezi wa pili nilipiga hesabu kwamba chupa nne ni yuro moja, na haya ikaniisha. Wenyeji wenyewe huziweka kando ya pipa badala ya ndani, ili mwokotaji asichafuke mikono.

Mji ule ulinifunza na mengine mawili, yaani kutomsalimu mtu nisiyemjua, kwani katika treni ya chini ya ardhi salamu humtisha mwenzako, na kutovuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata kama hakuna gari wala dalili ya gari.

Nikarudi nyumbani kwa likizo, nikafika usiku wa Idd. Asubuhi ya siku ya pili niliamka mapema, nikatia spika ndogo masikioni nisikilize mhadhara, nikashuka pwani kunyoosha miguu. Vijana walikuwa wamesherehekea hapo jana yake, na ufuko mzima ulikuwa umetapakaa chupa. Naapa kwamba sikuwaza lolote; mkono ulikwenda wenyewe, kiroba nikakipata papo hapo, na hadi jua linapanda nilikuwa na chupa 31 na makopo 6, yote yamenyooshwa. Nikiwa na mzigo huo begani nilipita mbele ya baraza la wazee bila kuwatolea shikamoo, kwa kuwa masikio yalikuwa kwenye mhadhara, kisha nikasimama kando ya barabara ya Lindi, kweupe, hakuna hata baiskeli, nikingoja taa ambayo Mikindani haijapata kuwako.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta bibi amejifunika kanga akilia kimyakimya, na shangazi akipokea majirani waliokuja kutoa pole. Mjomba mkubwa alikuwa amekwisha kuketi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mimi ni nani?”

“Wewe ni mjomba.”

“Yupi?”

“Mkubwa.”

Aliwageukia wengine akasema kwamba bado kuna matumaini, halafu akaniuliza kiroba kile ni cha nini. Hapo ndipo nilipokosea, kwa maana ningesema nasafisha pwani, mambo yangekwisha. Lakini mimi msomi nikaamua kueleza. Nikasema kwamba kule ninakoishi iko mashine ukutani, unaipa kopo, inalisoma, inalimeza, kisha inakupa karatasi, na karatasi hiyo ni fedha. Nikaona macho ya mjomba yanalowa.

“Inalisoma kopo?”

“Inalisoma, mjomba. Ila lisiwe limebonyea.”

Bibi akaangua kilio cha wazi. “Tulimpeleka akasome yeye,” alisema, “kumbe huko yanasomwa makopo!” Mzee mmoja wa barazani, aliyekuwa bado na kinyongo cha ile shikamoo, akaongeza kwamba Wajerumani walipokuja zamani walituachia lile boma pale juu la mwaka 1895, nalo mpaka leo limesimama imara, sasa safari hii wametuachia nini?

Akaitwa mwalimu wa madrasa. Aliniandikia kombe, yaani aya za Kurani za kunywa kama dawa, kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya marashi, nami nikaagizwa kulinywa siku tatu mbele ya mashahidi. Sikubisha, kwa kuwa anayebisha kwamba hana wazimu huongezewa siku.

Siku ya tatu mjomba aliniletea fungu la mwisho, nalo halikuwa tena katika sahani, bali katika chupa ya plastiki yenye karatasi iliyochanika nusu, shingo yake ina kovu la kubonyezwa na kunyooshwa. Niliijua mara moja, kwani nilikuwa nimeinyoosha mwenyewe. Shangazi alikuwa ameikosha akaitia dawa ya kuniponya kuokota chupa. Nilisema bismillahi, nikanywa hadi tone la mwisho, kisha nikabaki nimeishika ikiwa tupu, na ukumbi mzima ukanyamaza ukiutazama mkono wangu, ukingoja kuona nitaipeleka wapi.