Raba ya Shilingi 500

Koki ya jikoni kwetu Tabata ilianza na tone moja moja, tone la adabu kabisa. Tukaishi nalo wiki mbili kama unavyoishi na mgeni ambaye kila mtu anaogopa kumwuliza ataondoka lini. Usiku nyumba ikishatulia: to! Unasubiri. To! Mke wangu akakinga ndoo ndogo. Asubuhi imekaribia kujaa. Akanionyesha ile ndoo bila kusema neno, halafu akanionyesha bili ya maji, nayo bila kusema neno. Nikampigia fundi bomba.

Akaja kijana mpole na begi lake mgongoni. Akaifungua koki, akaifunga, akatoka uani akalitazama simtanki letu juu ya mnara, akarudi.

"Bosi, hapa raba imekufa. Elfu arobaini na tano."

"Raba yenyewe dukani bei gani?"

"Mia tano. Ila bosi, pale juu kuna..."

Sikumwacha amalize. Mtu ameshakwambia mwenyewe kwamba kitu ni shilingi 500, halafu anataka 45,000, unasubiri akweleze nini tena? Nilimpa elfu 2 ya nauli na kumwambia nitamtafuta. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo wanaume wenye ndoa ndefu wanalifahamu.

Jumamosi nikaenda dukani. Raba, 500. Tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye nyuzi, 1,000. Nikaona na paipu renchi nyekundu, nzito, imetundikwa ukutani kama silaha ya babu. Shilingi 18,000. Nikajiambia hiyo si gharama, hicho ni kitendea kazi, kitakaa hata kwa wajukuu. Muuzaji akaniuliza, "Maji utayafungia wapi?" Nikacheka. Maji hufungwa kwenye mita, nani asiyejua?

Nikayafunga kwenye mita, nje ya geti, mbele ya majirani wawili, taratibu ili waone. Kisha nikaingia jikoni. Fundi wa kweli angefungua koki kwanza ahakikishe kama maji yamekata. Mimi nilikuwa na renchi mpya.

Kwa raba peke yake unafungua kichwa cha koki tu, unatoa ya zamani, unaweka mpya. Kichwa chetu kilikuwa kimeganda. Nikauma meno, nikaegemeza mwili mzima. Kitu kikalegea, nikafurahi sana, hata nikaanza kupiga mluzi. Kumbe kilichokuwa kinazunguka ni koki nzima, pamoja na kiungo cha plastiki kilichofukiwa ukutani nyuma ya vigae. Kikasema ka!

Yale maji hayakutoka, yalinirukia. Yakanipiga kifuani, yakaruka bega, yakazima jiko la gesi pamoja na maharage yaliyobakiza robo saa kuiva. Nikatupa renchi, nikaziba tundu kwa kiganja. Yakapita kati ya vidole na kuelekea kwenye kabati la unga.

"Nenda kafunge mita!" nilipiga kelele.

"Si umefunga mwenyewe?" mke wangu akajibu kutoka mlangoni. "Mtaa mzima umekuona."

"Sasa haya yanatoka wapi?"

Binti yetu wa darasa la tano, kijiko mdomoni, akasema, "Baba, si ya simtanki hayo?"

Kimya. Simtanki la lita 2,000, nililojaza mwenyewe bomba lilipotoa maji mara ya mwisho kwa sababu mgao wetu huwa hauna ratiba, lilikuwa linashuka lote kwenye kiganja changu. Kijana wetu mkubwa akapanda mnara kufunga geti valvu, ile koki ya kufungia maji ya tanki. Tukasikia inalia kwiii, kwiii, kisha sauti yake kutoka juu: "Baba, inazunguka tu! Haifungi!"

Hapo ndipo nilipokumbuka yule fundi alivyolitazama tanki, na ile sentensi yake niliyoikata katikati.

Mke wangu akampigia, akaweka spika, akanishikia simu sikioni.

"Bosi, shikamoo. Huko kwenu mvua inanyesha?"

"Marahaba. Siyo mvua, fundi."

"Ahaa," akasema.

Ile "ahaa" peke yake ilikuwa kama elfu 30. Akataja laki moja ya ufundi, vifaa juu yangu. Sasa mimi siwezi kuomba kupunguziwa bila mikono. Nilipofika kwenye "fundi, hebu tufikirie kidogo," kiganja kikainuka chenyewe kusisitiza, maji yakaipiga simu, na mke wangu akamalizia biashara kwa niaba yangu: elfu 90, njoo mbio.

Alikuwa Buguruni kwenye kazi nyingine. Dakika 40. Umewahi kushikilia ukuta dakika 40? Mkono unakufa ganzi, pua inawasha, na watu wanaanza kukuzoea. Maana maji yalikuwa yameshatoka kwa mlango wa nyuma, yamepita uani, yametokea chini ya geti, na mtaani kwetu bomba lilikuwa na siku ya nne halijatoa hata hewa. Majirani walifika kabla ya fundi. Wa kwanza alikuja kutoa pole. Wa pili alikuja kutoa pole na ndoo. Baada ya hapo pole hazikusikika tena, ni madumu tu yanagongana mlangoni. Bibi wa nyumba ya pili akaletewa kigoda, akawa anapanga foleni.

"Baba," akaniambia kwa upole, "hebu legeza kidole kile cha mwisho, yaje upande huu wa beseni."

Nikalegeza. Ningefanyaje? Ni mtu mzima.

Fundi alipofika hakukimbia. Akasalimia foleni yote, akatoa kipande cha mti alichokichonga ncha, akakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akaniambia, "Toa mkono, bosi." Akakipigilia kwenye tundu kwa nyundo, mara tatu. Maji yakakata. Nyuma yangu dada mmoja akaguna: "Jamani fundi, nilibakiza dumu moja tu."

Baadaye, ukuta ukiwa umeshavunjwa, ndipo alipomaliza sentensi yake ya siku ile. Ile 45,000 ilikuwa raba 500, geti valvu mpya ya tanki 22,000, kilichobaki ufundi na nauli. Ile ya zamani ilikuwa imekufa, na bila kuibadilisha hakuna koki ya kuguswa nyumba nzima.

Hesabu ya safari hii mke wangu aliiandika nyuma ya daftari la hisabati la mtoto, mahali panapoifaa. Geti valvu 22,000. Kiungo, kipande cha bomba na koki mpya, 20,000. Ufundi 90,000. Vigae, boksi 28,000. Fundi vigae 40,000, kwa sababu fundi bomba anavunja ukuta lakini kuurudishia si kazi yake; hilo uliza mapema. Renchi, tepu na raba, 19,500. Jumla 219,500, na maharage hakuyaweka. Vigae vya maua kama vyetu vilishaacha kuletwa, kwa hiyo jikoni kuna bustani nzima na katikati yake vigae sita vyeupe, kama bandeji. Koki mpya ilikuja na raba yake. Ile ya 500 bado iko kwenye mfuko wa suruali.

Siku hizi fundi akija, mke wangu ndiye anayekaa naye: anamwacha aseme mpaka achoke, anaandika vifaa huku, ufundi kule, nani ananunua nini, risiti ziko wapi. Mimi hutumwa dukani kununua vitu ambavyo nikifika naambiwa havijawahi kuwepo.

Jumamosi iliyofuata geti likagongwa saa mbili asubuhi. Bomba lilikuwa limekata tena. Nikafungua, nikamkuta yule bibi, dada wa dumu moja, na wengine watatu nyuma yao, vyombo mikononi.

"Za asubuhi, baba," bibi akasema, akichungulia kuelekea jikoni. "Leo hutengenezi chochote?"