Mvua Haikunyesha Choma, Kopo Limebonyea Lubumbashi

Wauzaji wamelibonyeza tena kopo la kupimia unga, soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, Kongo. Kitako kimegongwa nyundo kikaingia ndani, kikaota kilima, na kilima hicho ndicho kinachokula bukari, yaani ugali, ya watoto wa watu. Bei, eti, haijapanda. Si bora wangepandisha tukagombana kiungwana!

"Mama, kitako hiki kimepatwa na nini?"

"Papa, ni mvua."

"Mvua imepiga kopo?"

"Haikunyesha Zambia, kule Choma."

Mtu mzima nikakohoa, nikanyoosha kola. Nikamwambia ukame huo tunaujua: Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza janga la taifa, hekta karibu milioni moja za mahindi zikaungua, wakabana mauzo ya nje. Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, zikabaki njia za panya: gunia juu ya baiskeli, kila kizuizi kinachota chake, likifika hapa limeshazaa bei. Hayo tulimeza. Lakini 2025 wenzetu wamevuna zaidi ya tani milioni 3.6! Mvua imerudi, mama, kitako nacho kirudi!

"Papa, na dola?"

"Dola imeshuka! Mwishoni mwa 2025 ilitoka franka zaidi ya 2,800 ikaanguka chini ya 2,500!"

"Ndiyo hasara yangu. Mzigo nilinunua kwa dola ya bei kali, leo nauza kwa hii iliyolegea. Nani atanilipa?"

"Na ilipokuwa inapanda, mzigo wa zamani uliuza kwa bei ya zamani?"

Akaanza kupanga nyanya. Nyanya si zake.

Shaba nayo ni hivyo hivyo: ya mbali yanatugonga sisi. Mwaka 2008 Wamarekani walishindwa kulipa madeni ya nyumba, tani ikaporomoka kutoka juu ya dola 8,000 hadi chini ya 3,000 kabla mwaka haujaisha, tanuri zikazimwa Katanga, mchimbaji akakosa hata ya chumvi. Nani hapa alikopa nyumba Marekani? Ajitokeze!

Kinyozi naye kapandisha bei, eti wembe wa China.

Muuza lenga-lenga, mchicha wetu, ndiye kaniua kabisa. Bustani iko nyuma ya nyumba yake, maji ya kisima, mbolea ya kuku wake. Naye: "Papa, Kasumbalesa." Kwani kuku wanakula nini? Pumba. Pumba ya mahindi ya wapi? Haya, nikalipa. Ila huyo jogoo wake anayewika saa nane usiku, mtaa mzima macho, kwa nini hachinjwi?