Kampuni Kama Mtahini wa Maabara

Profesa akifungua kampuni ya bayoteknolojia kwa kutumia matokeo ya maabara yake, neno la kwanza kusemwa ni kwamba amefuata fedha. Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alilaumiwa na wenzake baada ya kuanzisha Genentech na Robert Swanson mwaka 1976. Mwaka 1980 sheria ya Bayh-Dole ikaviruhusu vyuo vya Marekani kumiliki hataza, yaani haki za kisheria za kuzuia wengine kutumia uvumbuzi bila ruhusa, kwa uvumbuzi uliogharamiwa na serikali, na ubishi huo haujapoa hadi leo: umma umelipa, mtu binafsi anavuna.

Lawama hiyo inachukulia kwamba makala ikishachapishwa, kazi imekwisha, na kilichobaki ni kuvuna tu. Hapo ndipo inapokosea.

Mwaka 2012 wanasayansi Glenn Begley na Lee Ellis walieleza katika jarida la Nature yaliyoikuta kampuni ya dawa ya Amgen. Kwa takriban miaka 10 wanasayansi wake walijaribu kurudia tafiti 53 za saratani na magonjwa ya damu, zote zikihesabiwa kuwa za kufungua njia. Zilizothibitika ni 6.

Sita kati ya 53! Na zile 47 zenyewe sizo zinazoninyima usingizi, maana kukosea ni sehemu ya sayansi. Kinachotisha ni kwamba baadhi yake zilikuwa tayari zimezaa mamia ya makala nyingine, zilizopandishwa juu yake bila mtu kurudi kuukagua msingi. Kwa nini hakurudi mtu? Chuoni ni nadra mtu kupandishwa cheo kwa kurudia jaribio la mwenzake, na mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kufanya hivyo huambiwa atafute jambo jipya. Kampuni changa haiwezi kwenda hivyo. Mwekezaji mwangalifu, kabla hajatoa mtaji mkubwa, hutaka jaribio lilelile lifanywe mahali pengine, na watu wasiomjua profesa, kwa seli zilizotoka kwingine. Likigoma, kampuni inakufa kabla dawa haijamgusa mgonjwa. Kwa hiyo anayeanzisha kampuni anayaweka matokeo yake mbele ya mtahini mkali kuliko jarida lolote.

Na hata yakithibitika, safari ni ndefu. Insulini ya binadamu ilitengenezwa ndani ya bakteria mwaka 1978. Ikaidhinishwa kama dawa mwaka 1982, Genentech ikishirikiana na Eli Lilly. Katikati kulikuwa na kazi ya kuisafisha, kuizalisha kwa wingi, na kuhakikisha kila mkupuo, yaani kila fungu la dawa linalozalishwa kwa mara moja, unafanana na uliotangulia. Hakuna anayepewa shahada kwa kuufanya mkupuo wa 40 ulingane na wa 39, lakini mwenye kisukari anaishi kwa kulingana huko.

Msomaji makini atanirudisha kwenye takwimu yangu mwenyewe: Amgen haikuzitaja tafiti zile 47 katika makala ile. Ni kweli. Baadhi ya waandishi wa tafiti hizo ndio waliodai usiri, ila hilo halimfariji mtafiti anayeendelea kujenga juu ya mchanga bila kujua. Siri ni gharama halisi ya biashara, na inaweza kuingia hadi kwenye meza ya mwanafunzi, tasnifu yake ikisubiri maombi ya hataza.

Liko lililo zito zaidi. Mwaka 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki katika jaribio la tiba ya jeni katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mkuu wa taasisi iliyoendesha jaribio alikuwa na hisa katika kampuni aliyoianzisha, na chuo nacho kilikuwa na hisa humo. Aliyepaswa kusema "tusimame" alikuwa na sababu ya kutaka kuendelea. Siwezi kuupunguza uzito wa kifo hicho, wala sioni kwamba kanuni za kawaida za kutangaza maslahi zinatosha. Mwenye hisa asisimamie jaribio la dawa yake kwa wagonjwa, hata kama ndiye anayeifahamu kuliko wote.

Kuhusu lawama kwamba umma umelipa na mtu binafsi anavuna, suluhisho liko kwenye leseni, yaani ruhusa ambayo chuo huipa kampuni kuutumia uvumbuzi wake, wala kuwafungia wengine mlango si lazima. Hataza ya Stanley Cohen na Boyer kuhusu kuunganisha jeni ilikodishwa na Chuo Kikuu cha Stanford kwa mamia ya kampuni bila kumpa yeyote haki ya peke yake, na bado ikaingiza zaidi ya dola milioni 200. Dawa moja mahususi ni jambo jingine, kwani wachache watabeba gharama za majaribio ya wagonjwa bila ulinzi. Basi haki ya peke yake itolewe kwa masharti yaliyoandikwa siku ya kwanza: hatua hii ifikiwe mwaka fulani, ile mwaka fulani, na kampuni ikikaa juu ya uvumbuzi bila kuuendeleza, haki zirudi chuoni apewe mwingine.